Mashauri ya Nyumbani: Chuo cha Ng'ambo na Shahada Ifaayo

Tumepokea maswali mengi ya namna moja, nasi twaona heri tuyajibu hapa kwa pamoja kuliko kumjibu kila mtu pembeni. Kila matokeo ya kidato cha sita yatokapo, katika nyumba nyingi za Igowole na vijiji vya jirani husikika neno moja: ng'ambo. Huyu ataka India, huyu China, yule Ujerumani. Wengi wamekwisha kuchagua nchi kabla ya kuchagua somo, na wengine wamechagua somo kwa ajili ya jina lake tu.

Na tumtazame Mwalimu Julius Nyerere, maana habari za masomo yake zajulikana. Alikuwa amesoma Makerere tangu 1943 hata 1945, kisha akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ile, ndiye aliyemsihi aende mbele. Katika Aprili 1949, naye ametimiza miaka 27, alisafiri kwenda Uingereza, akafika Edinburgh. Huko alianza na masomo mafupi ya kemia na fizikia. Lakini Oktoba ya mwaka uleule aliingia upande wa sanaa, akasoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, habari za jamii za watu, historia, falsafa ya maadili na sheria ya katiba. Akahitimu 1952. Tazameni masomo hayo jinsi yalivyomfaa mtu aliyerudi katika nchi isiyojitawala bado. Tena alikwenda akiwa mtu mzima, ameishika kazi kwa mikono yake.

Zama zile Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, nacho kilianza na masomo ya sheria peke yake. Aliyekwenda ng'ambo alikwenda kwa sababu nyumbani hapakuwa na mlango. Leo milango ipo. Kijana wa Mufindi apendaye elimu ya misitu, hali amekulia kando ya shamba la miti la Sao Hill, atafundishwa vema katika Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, na mazoezi yake aweza kuyafanya karibu na kwao. Kwa hiyo shauri letu kwa walio wengi ni hili: shahada ya kwanza isomwe hapa nchini, na ya pili itafutwe ng'ambo, wakati kijana ajuapo ni nini hasa anachokikosa hapa. Ufadhili wa shahada ya pili nao ni mwingi kuliko wa ile ya kwanza. Twajua neno hili halipendezi masikioni mwa vijana.

Kwa kazi zenye baraza lake, uangalifu uzidi. Asomaye utabibu, popote alipo, hatatibu watu hapa mpaka Baraza la Madaktari Tanganyika limwandikishe. Basi mzazi aulize mapema: chuo hiki chatambuliwa? Mafunzo ya wodini yafanyika kwa lugha gani? Katika China vipo vyuo vifundishavyo utabibu kwa Kiingereza, lakini mgonjwa kitandani asema Kichina, na mwanafunzi asiyemwelewa mgonjwa hujifunza nusu. Sheria nayo ni vivyo hivyo. Sheria zetu zimefuata mapokeo ya Kiingereza. Aliyesoma sheria za Ujerumani amejifunza mambo mazuri, lakini hawezi kuyatumia mahakamani Iringa bila kuanza tena mengi.

Mzee mmoja wa jirani yetu alitujia na barua ya chuo kimoja cha mbali, iliyoletwa na wakala. Mwanawe amekubaliwa kusoma, nayo ada ya mwanzo yatakiwa upesi. Mzee ana ekari za misindano, bado michanga, yenye miaka 9 tu, naye amekwisha kupata mnunuzi. Kila mtu wa hapa ajua ya kuwa msindano wa miaka 9 huuzwa kwa bei ya huzuni. Ukiachwa miaka mingine kadhaa hutoa mbao zenye thamani mara nyingi zaidi. Tulimwuliza, “Mzee, mwaka wa pili utauza nini?” Akanyamaza. Ada ya mwaka wa kwanza si ada ya masomo yote, na wakala huhesabu ile ya kwanza tu.

Tukaisoma barua pamoja. Haikutaja jumla ya miaka, wala nauli, wala bima, wala makazi. Wakala mwenyewe hatukumjua. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iitwayo TCU, huandikisha mawakala wa namna hii, nayo ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za nje. Kwa hiyo jina la wakala na jina la chuo yapelekwe huko kabla senti moja haijatoka mfukoni. Mwalimu wa shule aweza kuwaandikia kwa niaba ya mzazi asiyezoea mambo hayo. Twawaomba walimu wasichoke kufanya hivyo.

Wako wanaotuambia, “Ujerumani husomesha bure.” Ni kweli kwa vyuo vingi vya serikali, si vyote: jimbo la Baden-Württemberg latoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kila muhula tangu 2017. Tena kabla ya kupewa viza, kijana huonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima. Kiasi kilichowekwa Septemba 2024 ni Euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Bure hiyo ina mlango mzito.

Amani ya nchi nayo itazamwe. Katika Februari 2022 wanafunzi wa Kitanzania waliikimbia Ukraine, na katika Aprili 2023 wengine walitolewa Khartoum, masomo yakiwa nusu.

Kuhusu ufadhili: serikali za China, Hungaria, Urusi, India na Algeria zimekuwa zikitoa nafasi, nazo hutangazwa na Wizara ya Elimu. Katika nchi nyingine mwaka wa kwanza mzima huenda kwa kujifunza lugha, basi hesabuni mwaka huo. Na kwa waliofaulu sana sayansi, tangu 2022 upo ufadhili wa Samia kwa kusoma hapa nchini. Mwalimu mkuu asiwafiche.

Mzee wa misindano amemwambia mnunuzi angoje. Barua yake ya kuuliza tumeiandika Jumatatu, nayo imekwenda Mafinga pamoja na gari la maziwa.