Zege moja, michezo miwili

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, fainali ya wasichana wawili wawili iliamuliwa kwa pointi mbili. Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4, 11-9. Agosti 2025 Mboko yule yule, binti wa wazazi waliotoka Kongo, alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makubwa ya kulipwa ya wanawake mjini Montreal. Alikuwa na miaka 18. Aliwatoa Coco Gauff na Elena Rybakina, kisha fainali akamlaza Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1.

Okutoyi naye hakulala. Machi 2024 aliipa Kenya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Ila kimo alichofikia Mboko bado hajakifikia, na sisi hatukubali kwamba kilichopungua ni kipaji. Walisimama uwanja mmoja, na aliyeondoka na kombe ni binti wa Nairobi. Waliachana baada ya hapo, kila mmoja aliporudi kwao.

Tenisi ya kulipwa hupandwa kwa ngazi, na ngazi ya chini kwa wanawake ni mashindano yanayoitwa W15, yaani zawadi zote pamoja ni dola 15,000. Anayetolewa raundi ya kwanza haondoki hata na dola 200. Humo atoe nauli ya ndege, malazi, chakula na nyuzi za raketi. Na ili jina lake liingie kwenye orodha ya ubora duniani, lazima aokote pointi katika mashindano matatu, au azifikishe 10. Mwenye mashindano jirani hupanda basi. Wa mbali hukopa, au huacha. Watunisia walilielewa hilo mapema, ndiyo maana mji wa Monastir huandaa mashindano ya ngazi hizi karibu mwaka mzima. Nairobi nayo imeyaandaa. Sisi wa mkoa wa Mara tuko nyuma ya wote hao, maana hatujafika hata pa kumpa mtoto raketi.

Turudi kidogo kwa Okutoyi, kwa sababu hapa ndipo penye somo letu. Alilelewa na bibi yake baada ya mama kufariki wakati wa kujifungua. Bibi alifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, na shule hiyo ina viwanja vya tenisi. Mjukuu akaviona, akavisogelea, akashika raketi. Bibi angekuwa anafagia shule isiyo na kiwanja, Wimbledon isingemjua mtoto huyu.

Wiki hii tulisimama nje ya shule moja ya msingi hapa Musoma wakati wa mapumziko. Wasichana watatu walikuwa wakicheza rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi iliyoshindiliwa vitambaa, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Yule wa katikati alikuwa peku. Hakuutazama mpira, alitazama bega la mrushaji, akajua unakokwenda kabla haujatoka mkononi. Visigino havikugusa chini hata mara moja. Alipopata upenyo aliinama, akachota kiganja cha mchanga, akainuka tayari amegeuka upande wa pili. Jicho la namna ile na miguu ya namna ile ndivyo makocha wa tenisi wanavyolipwa kufundisha. Yeye kajifunza bure, na kengele ilipolia akarudi darasani, basi.

Mwaka 1934 Julius Nyerere alitoka Butiama akaja kuanza shule Mwisenge, Musoma, kwa kuwa kwao hapakuwa na shule. Leo Butiama ina chuo kikuu chenye jina lake. Msichana wa Butiama anayetaka tenisi yuko pale alipokuwa Mwalimu mwaka ule, ila safari yake ni ndefu zaidi.

Tunajua majibu yatakayokuja. Madawati hayatoshi, vyoo havitoshi, leo mnadai tenisi? Hoja hiyo ni ya haki na hatuipuuzi. Lakini hebu tupige hesabu. Kiwanja cha tenisi pamoja na nafasi ya kukimbilia huchukua takriban mita 36.6 kwa 18.3. Ndani ya kiwanja kimoja cha soka vinaenea saba vya namna hiyo. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kwa hiyo kinakaa juu ya zege hilo hilo. Chora mistari kwa rangi mbili, weka nguzo za kung'oa, umepata michezo miwili kwa gharama ya sakafu moja. Netiboli wasichana wetu wanaicheza tayari, tena kwenye vumbi na mawe. Hata ikitokea hakuna aliyeshika raketi mwaka wa kwanza, zege halitakaa bure.

Na asije mtu kutuambia kwamba wasichana wa Mara hawana moyo wa michezo. Timu ya soka ya Bunda Queens imecheza Ligi Kuu ya Wanawake, ikitoka mji ambao wengi huupita kwenye basi la Mwanza wakichungulia dirishani.

Tunachodai ni viwanja vitatu vya kuanzia: kimoja Musoma, kimoja Bunda, kimoja Butiama. Vijengwe kwenye shule za serikali, na jioni lango liachwe wazi kwa watoto wa mtaani. Halmashauri zetu zipange fedha kwenye bajeti inayoanza Julai. Vikishasimama, wasichana wazunguke miji hii mitatu kwa zamu kila likizo, kwa basi la kupitia Makutano, wazoee kucheza mechi ugenini na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Zege likichelewa, ukuta usichelewe. Kila shule ina ukuta mmoja usio na dirisha. Mwalimu wa michezo apime sentimeta 91 kutoka chini, ndicho kimo cha neti katikati, apige mstari mweupe. Klabu za Dar es Salaam na Arusha hazikosi mipira iliyochakaa. Ziombwe ziitume kwa basi. Raketi hata mbili zinatosha kuanza kupokezana. Na wa kwanza kupewa awe yule mtoto wa rede.