Mnara wa Mtunda aanze nao mwenye dungu

Aprili 2024 mto Rufiji ulipofurika na kumeza mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, wakulima wa bondeni waliambiwa tena wahamie kwenye miinuko. Bonde si mahali pa kulala mtu. Nikisikia sasa kwamba bonde hilohilo, chini ya kijiji cha Mtunda, linafaa kujengewa mnara wa mbao ili mgeni apande kutazama viboko, nashindwa kunyamaza. Mnara huo ukijengwa, uchorwe pamoja na wajenzi wa madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mashamba, uwe mali yao, na kazi yake ya kwanza iwe kulinda mpunga. Isipokuwa hivyo, usijengwe.

Wanaoutaka wana hoja zao, na haki yao tuwape. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhioevu ya Ramsar tangu 2004, karibu hekta 597,000, na ndege wa majini huko ni wa kumwaga. Utalii wetu umerundikana kaskazini mwa nchi. Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, ujia wa kuning'inia juu ya mikoko unaoishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege umechangia karo za wanafunzi wa sekondari. Kweli tupu. Ila Mida ni hori la bahari, maji yake hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana. Rufiji haina adabu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake ilihamia matawi ya kaskazini ya delta, na mashamba ya mpunga yakayafuata hadi ndani ya mikoko.

Sasa tulizungumze dungu, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1968 serikali ilianza Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwapanga vijijini kwenye miinuko. Nyumba zilihama, udongo wenye rutuba ukabaki ulipo. Kwa hiyo watu waliendelea kushuka: kupanda mpunga mvua zikianza, kupanda mlau, yaani mazao ya unyevu unaobaki, maji yakipungua, na kukaa huko juu ya madungu hadi mavuno. Mchana ni kuamia ndege, usiku ni kufukuza nguruwe pori na viboko. Anayetaka kujua kiboko anatokea upande gani wa bwawa, saa ngapi, na anarudi kwa njia ipi, anaye mtu wa kumuuliza. Mtu huyo amekesha msimu mzima akimtazama, wala hakuwa na darubini.

Na ujenzi wa dungu una hesabu. Nguzo ya mbao huanza kuoza pale inapotokeza ardhini, mahali ambapo unyevu na hewa hupokezana. Mhandisi wa mjini huongeza mbao za mkingamo chini ili mnara usiyumbe, na juu ya karatasi yuko sahihi. Mafuriko yakija, mkingamo ule hunasa matete na magogo, mzigo unakua, mkondo unausukuma, na nguzo zote zinalala kwa pamoja. Huku maji yanachimba tope miguuni mwa mnara. Chini ya dungu ni nguzo tupu, maji yapite yaendako. Juu ni sakafu ya fito na paa la nyasi au makuti, vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibadilisha kwa panga na kamba. Nguzo ikioza, mwenye dungu anaijua kabla haijamwangusha kwa sababu analala juu yake. Mto ukihama, analihamisha. Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa Bwawa la Julius Nyerere, maji yanayofika Mtunda hupitia kwanza kwenye milango ya bwawa, na kwa kuwa ratiba yake haiko mikononi mwa mkulima, sababu ya kujenga kitu chepesi imeongezeka.

Mnara wa mradi mlinzi wake ni nani? Fedha za ufadhili hununua mbao, misumari na bango lenye nembo. Mwaka wa tatu ubao wa ngazi unavunjika, kijiji kinaandika barua, wilaya inajibu kwamba kasma hiyo haipo. Tumeyaona kwenye visima, tumeyaona kwenye masoko, na bado kuna watu wazima wanaokaa mezani kubishana juu ya urefu wa mnara, mita kumi au kumi na tano, kabla ya kuuliza nani atabadilisha ubao huo. Huo ni uvivu uliovaa kofia ya utaalamu.

Simwagii dungu sifa za bure. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya thelathini wilayani Rufiji kabla hajauawa. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2005 ulieleza kwamba simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania tangu 1990, na ulionyesha mnyororo wenyewe: nguruwe pori huwaleta wakulima kulala shambani, na simba huwafuata wote wawili. Dungu fupi lisilo na ukuta halimzuii simba. Hapo ndipo mhandisi ana kazi ya heshima: sakafu iinuliwe zaidi, ukuta uwe imara, ngazi ivutwe juu usiku, mlango ufungike.

Mbao zitoke wapi? Si kwenye mikoko. Wajerumani waliiwekea hifadhi tangu 1898, serikali ikapiga marufuku kuikata mwaka 1987, na mwanakijiji anayekutwa na boriti bila kibali ana kesi. Mgeni hawezi kusimama juu ya nguzo ambazo mwenyeji angefungwa kwa kuzikata. Mikaratusi iliyotiwa dawa ipo Mufindi, ndiyo inayobeba nyaya za umeme sehemu nyingi za nchi, isafirishwe.

Kisha iandikwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza: mchana mgeni apande kwa ada, jioni ashuke amwachie mwenye shamba. Na ada hiyo inunue nguzo za mwaka unaofuata kabla haijalipa posho ya kikao chochote.