Maji Huonyeshwa Njia

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu tumeikariri mbele ya wanafunzi, tumeitungia maswali ya insha, na tumeisahihisha kwa wino mwekundu miaka nenda miaka rudi. Sina nia ya kuwakosoa wahenga. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba methali hiyo imekuwa kinga ya watu wavivu wa kufikiri, ambao wakisikia neno “kuziba” hukimbilia lami, saruji na gundi kabla hawajauliza maji yametoka wapi na yanataka kwenda wapi. Ushahidi wangu huenda ukamshangaza msomaji. Ni gari dogo la michezo, lenye viti viwili na paa la turubai, ambalo nimeishi nalo mjini Nyeri kwa misimu mingi ya mvua.

Najua wapo watakaocheka. Mwalimu, gari la michezo, na tena Nyeri! Lakini gari lenyewe ni kuukuu. Liliingia nchini zamani sana, kabla ya kanuni inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8, na lilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia kwa bei isiyozidi ile ya ng’ombe wawili wa maziwa. Jina la kampuni iliyoliunda silitaji, kwa kuwa gari la umri huo halina wa kulaumiwa ila muda. Linanipeleka shuleni, sokoni Karatina, na mara mojamoja hadi Meru kuwatembelea jamaa. Jua likiwaka, ni furaha tupu. Mvua ikinyesha, linavuja.

Na mvua ya huku si ya kubahatisha. Nyeri imekaa katikati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Masika huja kuanzia Machi hadi Mei, nayo Wakikuyu waliiita mbura ya njahi. Vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba, nayo ni mbura ya mwere, yaani mawele. Majina hayo yalitokana na mimea iliyopandwa katika kila msimu. Kati ya misimu hiyo, mnamo Julai na Agosti, huja baridi na manyunyu yasiyolowesha shamba lakini yanayotosha kabisa kulowesha kiti. Mwanafunzi wa jiografia anayesoma habari za kivuli cha mvua angeweza kulipima somo lake kwa zulia la gari langu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huugonga mlima upande wa mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo nikipita Embu, Chuka na mito ile ya Thuci na Nithi, zulia hutota. Nikipitia Naro Moru hadi Nanyuki, ambako mlima umekinga, aghalabu nafika mkavu.

Kwa nini gari la namna hii livuje? Jibu ni kwamba wepesi una gharama. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alijipatia sifa kwa kuondoa uzito kila mahali palipowezekana, na gari lake aina ya Elan, lililotokea mwaka 1962, likawa kigezo kwa wengine. Mwaka 1989 kampuni ya Mazda ya Japani ilionyesha MX-5 kwa mara ya kwanza mjini Chicago, gari lisilofika tani moja, na kufikia mwaka 2016 milioni moja ya aina hiyo yalikuwa yameundwa. Hoja ya wabunifu hawa ni rahisi kueleweka. Gari likiwa jepesi, injini ndogo hulitosha, breki hazitaabiki, na magurudumu hayaliwi upesi. Lakini uzito ulioondolewa ulikuwa na kazi yake. Badala ya paa la chuma kuna kitambaa. Vioo vya milango havina fremu, vimeegemea ukanda wa mpira tu. Bodi nayo ni nyembamba, na ikipita barabara ya changarawe yenye mashimo hujinyonga kidogo. Kioo kikaachana na mpira kwa upana wa ukucha, na upana huo unalitosha tone.

Asidhani mtu kwamba wepesi ni udhaifu. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na matope ya nchi hii yalikuwa mtihani mkali kupita mwendo wenyewe. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1993 kampuni ya Subaru ilileta Vivio, kigari chenye injini isiyofika sentimita za ujazo 700, ambacho wengi walikiona kama kichekesho. Mkenya Patrick Njiru alikifikisha mwisho na kushinda daraja lake. Kidogo na chepesi kilivumilia kwa sababu kilitunzwa kila kituo. Hapo ndipo kiini cha maneno yangu: kilicho chepesi hakiombi radhi kwa wepesi wake, kinaomba utunzaji.

Sasa turudi kwenye uvujaji. Maji yana hila. Tone linalomwangukia abiria gotini huenda liliingia nyuma ya kichwa cha dereva, likateleza chini ya kitambaa, likafuata mshono, ndipo likajidondosha mahali pasipo na kosa lolote. Anayepaka gundi pale anapoona tone anamwadhibu asiye na hatia. Utaratibu unaofaa ni huu. Tandaza kurasa za gazeti sakafuni, kwani gazeti hata likishasomwa bado lina ushahidi wa kutoa. Paka vumbi la chaki kwenye ukanda wa mpira, funga mlango, kisha uufungue uone chaki imeacha alama wapi na wapi haikugusa. Halafu mtu mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mkebe wa kunyunyizia maua, akianza chini na kupanda juu polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Mwalimu wa sayansi atatambua mara moja kwamba hii ndiyo kanuni anayoifundisha maabarani: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua kilicholeta matokeo.

Uchunguzi wa namna hiyo aghalabu huishia mahali ambapo mwenye haraka hapafikirii. Nyuma ya viti, chini ya ukingo wa turubai, magari mengi ya aina hii yana mfereji mdogo unaopokea maji ya paa. Kila upande kuna mrija unaoyateremsha hadi chini ya gari. Wabunifu walijua kwamba kitambaa hakitayazuia maji yote, basi wakayatengenezea njia ya kutokea. Majani ya migrevilia na vumbi la barabara huiziba mirija hiyo. Mfereji hujaa, nayo maji yakikosa njia yao huvamia ya watu.

Fundi mmoja alinishauri nimimine silikoni kila penye mwanya. Fundi mwingine, mzee wa makamo anayeshona viti vya magari Karatina, alikataa katakata. “Ukifunga huku, mwalimu, yatalala ndani,” aliniambia. Akachukua kipande cha uzi wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, akausukuma taratibu ndani ya mrija hadi tope jeusi likatoka upande wa pili, yakifuatiwa na maji ya majuma kadhaa. Akanieleza kwamba maji yaliyofungiwa huingia katika mihimili ya chini ya milango, ambayo ina uwazi ndani, na huko kutu hula chuma gizani hadi siku mguu utakapozama. Kisha akasugua nta ya nyuki kwenye mishono ya turubai, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Je, gari limekoma kuvuja? La. Pembe ya kushoto bado hutoa matone machache mvua ikija na upepo, nami nimekubali kuishi nayo. Kuishi na kitu kinachovuja kuna adabu zake. Turubai halikunjwi likiwa bichi, maana huota ukungu na kunuka. Jua likitoka, milango hufunguliwa na zulia huinuliwa, kwa sababu zulia bichi ndilo linalovifanya vioo vitoe jasho asubuhi ya baridi hata dereva asione mbele. Kitambaa kikavu hakikosekani chini ya kiti. Madaftari ya wanafunzi husafiri ndani ya mkoba wa turubai nzito, kwani mifuko ile ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku mwaka 2017, na hakuna mzazi atakayekubali kwamba insha ya mwanawe ilifutwa na mawingu. Zaidi ya yote, gari jepesi huelea. Maji yanayopita kwa kasi, yenye kina cha sentimita 30 hivi, yanatosha kulibeba gari dogo. Mto ukivuka barabara, mimi husubiri, hata kengele ya shule ikilia bila mimi.

Wenzangu katika chumba cha walimu hunihimiza niliuze ninunue Probox, gari lisilo na ndoto wala matone. Hoja yao ina uzito, hasa kwa mwenye watoto na magunia ya viazi. Lakini huficha dhana ninayoipinga, kwamba dawa ya kitu kinachohitaji utunzaji ni kununua kingine. Probox nayo ina mirija na mipira yake. Itazeeka. Mwenye tabia ya kutotazama ataihamishia huko tabia hiyo pamoja na funguo.

Na tabia hii ndiyo inayonikera ninapoingia darasani. Paa la shule likivuja, tunafanya nini? Tunasogeza dawati. Msimu ufuatao tunaweka beseni. Wa tatu, dari inaanguka, nasi tunaitisha mkutano wa wazazi kuomba mabati mapya, yatakayopigiliwa juu ya mbao zilizokwisha kuoza. Hakuna aliyepanda ngazi kuona kwamba mfereji wa paa umejaa majani na viota vya ndege. Nimehudhuria harambee za kujenga madarasa, maabara, hata lango la shule. Sijaalikwa bado katika harambee ya kuzibua mtaro. Hakuna jiwe la marumaru linalotangaza kwamba kalivati hili lilisafishwa na mheshimiwa fulani, tarehe fulani.

Matokeo tumeyaona. Mwaka 2024 mafuriko yaliilazimu serikali kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei. Mvua ile ilikuwa kubwa, na sitadai kwamba koleo na fagio vingeizuia. Lakini kila aliyetembea katika miji yetu alijionea mitaro iliyojaa taka na barabara zilizogeuka mito kwa sababu mito yake halali ilikuwa imefungwa. Bibi zetu katika mashamba ya kahawa hawangeshangaa. Walichimba makinga maji kuukata mteremko, wakayaongoza maji polepole hadi mahali yasipodhuru. Hawakuwahi kujenga ukuta kuizuia mvua ya Nyandarua.

Basi ninapendekeza jambo dogo linalowezekana. Kila shule itenge siku mbili katika mwaka, moja mwishoni mwa Februari na nyingine mwishoni mwa Septemba, kabla masika na vuli hazijabisha hodi. Wanafunzi wachore ramani ya maji ya shule yao: yanaangukia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi. Wakubwa wazibue mitaro, fundi apande juu ya paa, na jina la mwenye dhamana ya kila mfereji liandikwe ubaoni mbele ya ofisi. Bodi ya shule nayo iwe na fungu la utunzaji katika makadirio yake, fungu lisilochotwa basi la shule linapohitaji rangi. Mwalimu wa Kiswahili asiachwe nyuma. Awaulize wanafunzi wake swali ambalo sijaliona katika karatasi ya mtihani: kabla ya kuuziba ufa, ni nani aliyechunguza ulitokana na nini?

Atakayeniambia kwamba walimu wana kazi nyingi, nakubaliana naye. Lakini kusogeza madawati ni kazi pia, nasi tunaifanya kila mvua inaponyesha. Uzi wa nailoni ni wa shilingi chache, na Februari haiko mbali.