Ziwa Lipi Ndilo la Pili?

"Swali la nafasi lina jibu moja, anayelalamika hakusoma." Haya basi: ziwa la pili kwa ukubwa Afrika ni lipi? Anayepima uso wa maji atasema Tanganyika, maana la kwanza ni Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Anayepima ujazo atasema Nyasa. Kwake yeye Tanganyika ndilo la kwanza: limeshuka hadi mita 1,470 na kubeba maji takriban mara saba ya Victoria, ambalo kina chake hakizidi sana mita 80. Wote wawili wamesoma. Wa kuulizwa ni aliyeandika "ukubwa" akaishia hapo.

"Kila mtu anajua 1 ndiyo ya juu." Hapana. Niliwahi kupita na dodoso sokoni: panga kero hizi kwa namba 1 hadi 5. Mama mmoja muuza dagaa akaweka 5 kwenye maji, 1 kwenye ushuru. Nikadhani maji hayamsumbui, hadi aliponiambia, "Mwanangu, maji ndiyo yanatuua, nimeyapa tano zote." Yeye alikuwa akitoa alama, mimi nikisubiri nafasi. Na kosa si lake. Kidato cha nne Tanzania, pointi 7, chache kuliko zote, ndizo bora kabisa; ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya, A ya mtihani wa KCSE ina pointi 12 na E ina 1. Siku hizi naandika: "Weka 1 kwenye kero inayokusumbua kuliko zote, 5 kwenye inayokusumbua kidogo kuliko zote. Usirudie namba." Maneno yameongezeka, ndiyo, lakini sirudi tena sokoni kuuliza upya.

"Kufafanua ni kumtafunia mtahiniwa." Mlima wa tatu kwa urefu Afrika? Ruwenzori, kwa kilele chake cha Margherita, mita 5,109. Ukiuliza kilele, Margherita kinatanguliwa na Nelion cha Mlima Kenya, mita 5,188, na hata Mawenzi cha Kilimanjaro, 5,149. Kuchagua kati ya "mlima" na "kilele" hakumpi mtu jibu. Kunamwonyesha tu anachoulizwa.

"Wakilingana, tutajua la kufanya." Wanafunzi wawili wakishika nafasi ya kwanza, anayewafuata ni wa pili au wa tatu? Nimeona ripoti za namna zote mbili, na mzazi wa huyo "wa tatu" akija ofisini kumtafuta wa pili.