FILIMBI ISIITANGULIE SHERIA

Kila mwaka mwezi wa Januari ukifika, katika mji wa Indianapolis huko Marekani, watu huketi mezani na kitabu cha sheria mbele yao. Hiyo ni kamati ya sheria za mpira wa Kimarekani wa shule za sekondari. Wakati kamati inapoketi, maelfu ya marefa katika majimbo ya nchi ile hungoja. Si watu wakubwa hao. Mmoja ni mwalimu, wa pili ni fundi wa mabomba, wa tatu ni karani, wa nne ni mzee aliyekwisha kustaafu kazi. Ijumaa jioni huvaa fulana zao za mistari myeupe na myeusi na kuingia uwanjani. Nao wangoja kuambiwa ni jambo gani walilolijua mwaka jana ambalo mwaka huu si sheria tena.

Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi? Mpira wetu twaupiga kwa mguu. Wao wao huukumbatia mkononi na kukimbia nao. Twajibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wa Kongo, Kenya, Tanzania na kwingineko wamehamia nchi ile, na watoto wao wasoma katika shule hizo hizo. Mtoto wa ndugu yako anapovaa helmeti, shingo iliyo chini ya helmeti ile ni ya ukoo wako. Pili, popote watu wanapojitungia sheria wenyewe na kuzitii wenyewe, pana somo kwa mtu yeyote anayependa haki. Uwanja wa mpira ni nchi ndogo. Una raia wake, una hakimu wake, na una sheria yake. Ukitaka kujua kama nchi ile ndogo ina haki, usimtazame mfungaji wa bao. Mtazame mwenye filimbi.

Basi kwanza tuieleze kazi yenyewe. Shirikisho la taifa la vyama vya michezo vya shule za sekondari, lijulikanalo kwa herufi NFHS, liliundwa mwaka 1920. Vyama vya majimbo yote 50 pamoja na mji mkuu wa Washington ni wanachama wake. Katika kamati ya sheria za mpira, kila jimbo linalotumia kitabu cha Shirikisho lina mjumbe wake. Makocha nao wana kiti, na marefa nao wana kiti. Mapendekezo huletwa kutoka majimboni, hujadiliwa, hupigiwa kura, kisha hupelekwa mbele ya halmashauri ya wakurugenzi ili yathibitishwe. Kwa kawaida mwezi wa Februari habari hutangazwa. Mwezi wa Agosti msimu huanza, na sheria mpya hushika kazi. Toka tangazo hadi filimbi ya kwanza ni miezi sita hivi.

Wako wanaonung'unika. Wasema: Ya nini kubadili sheria kila mwaka? Mchezo ni ule ule, uwanja ni ule ule, mbona kitabu hakitulii? Sisi hatuwacheki watu hawa, maana manung'uniko yao yana sehemu ya kweli, nasi tutaifikia. Lakini kwanza na wakumbuke mchezo huu umetoka wapi.

Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwa sababu ya mchezo huu. Hata Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa mchezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton kuzungumza nao juu ya ukatili wa uwanjani. Mwaka uliofuata, 1906, sheria zilibadilishwa, na kwa mara ya kwanza ikaruhusiwa kurusha mpira mbele, ili wachezaji wasirundikane na kupondana mahali pamoja. Marusho hayo ambayo leo watu hulipa fedha kuyatazama yalizaliwa na misiba.

Wala msiba haukuisha hapo. Helmeti ngumu zilipokuja, watu walidhani dawa imepatikana. Kumbe kijana aliyefunikwa kichwa alianza kukitumia kichwa kama rungu. Aliinamisha utosi na kumkumba mwenziwe kwa nguvu zote, na shingo ikavunjika, ama ya aliyekumbwa, ama ya mkumbaji mwenyewe. Mwaka 1968 peke yake vijana 36 walikufa kwa majeraha ya mchezo huu. Ndipo mwaka 1976 wenye sheria wa shule na wenye sheria wa vyuo walipopiga marufuku kuanza kumkumba mtu kwa kichwa au kwa uso. Sheria haikufanya kazi peke yake. Helmeti zilipimwa vizuri zaidi, makocha walifundisha namna nyingine ya kumwangusha mtu, na madaktari waliongeza ujuzi. Lakini sheria ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1990 hakuna hata kijana mmoja aliyekufa kwa majeraha ya namna hiyo. Toka 36 mpaka hakuna! Na aje sasa mnung'unikaji atuambie kwamba kitabu kingeachwa kitulie.

Kazi hiyo imeendelea. Mwaka 2014 sheria za shule zilieleza wazi na kukataza kumlenga mpinzani juu ya mabega kwa helmeti, mkono, kiwiko au bega. Mwaka 2021 zilikaza amri ya kumzuia mtu chini ya kiuno, kwamba mwenye ruhusa ya kufanya hivyo afanye mara tu mpira unapoanza kuchezwa, asimvizie mwenziwe kwenye magoti baadaye.

Nyingine si za shingo bali za usawa. Kabla ya mwaka 2019, sekunde 25 za kuanza mchezo zilihesabiwa tangu refa alipotoa ishara kwamba mpira uko tayari. Refa mwepesi alikimbiza mchezo, refa mzito aliuburuta, na timu ile ile ikacheza mwendo mbalimbali kila wiki kwa kufuata miguu ya mtu mmoja. Mwaka 2019 ikaamriwa kwamba mara nyingi zihesabiwe sekunde 40 tangu mchezo uliopita ulipokwisha. Mwaka 2025 ikaamriwa kwamba mchezaji akiuponyoka mpira ukaenda mbele na kutoka nje, urudishwe pale ulipomponyoka. Zamani aliyepoteza mpira aliweza kufaidika kwa kosa lake. Sasa hafaidiki. Nani atasema hiyo si haki?

Kwa hiyo twasema bila kusitasita: kubadili sheria si kosa. Sheria ni nguo ya mtoto anayekua. Usipoipanua itapasuka mgongoni mwake. Lakini nguo huchukuliwa kipimo kwanza, tena mwenye mwili huulizwa wapi inambana.

Sasa tuwageukie marefa wenyewe, maana wao ndio shabaha ya maneno yetu leo. Katika kungoja kwao kila mwaka twaona hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni ya mtu aitanguliaye sheria. Huyu husikia uvumi katika mkutano wa marefa, kwamba jambo fulani limependekezwa na hapana shaka litapita. Basi ataka kuonekana mjuzi kuliko wenzake. Anaanza kuwaambia makocha, makocha wanawaambia watoto, na kabla kura haijapigwa watu wameanza kucheza sheria isiyokuwako. Pendekezo si sheria. Hata kura ya kamati si sheria mpaka ithibitishwe, na iliyothibitishwa haishiki kazi mpaka msimu wake ufike. Refa anayepuliza filimbi kwa jambo linalosubiriwa amejifanya bunge la mtu mmoja, nasi hatujui udhalimu uliopata kuanza kwa njia nyingine.

Hatari ya pili ni ya mtu abakiaye nyuma. Huyu ana miaka 20 kazini. Kitabu kipya kikija hukiweka kabatini, asema, "Mimi naujua mpira." Twakiri, aujua; lakini aujua mpira wa jana. Akimwachia kijana ainamishe utosi kwa sababu zamani ilikuwa kawaida, halafu kijana asiinuke tena, uzoefu wake utamfaa nini mama wa mtoto yule? Uzee dawa, twakubali. Lakini dawa iliyopitwa na wakati ni sumu.

Katikati ya hao wawili ndipo alipo refa wa kweli. Yeye hangoji kama mtu angojaye mvua. Kabla ya Januari hupeleka maoni yake katika chama cha jimbo lake: hii sheria yanitatiza, hii yadanganya, hii haimlindi mtoto. Baada ya Februari husoma. Huketi na wenzake, wale wanne au zaidi wanaosimama naye uwanjani, wakaulizana maswali mpaka wote wajibu neno moja. Maana sheria moja ikitafsiriwa na marefa watano kwa njia tano, hizo ni sheria tano.

Na wenye kutunga sheria nao twawaambia neno. Marefa wamepungua. Katika miaka ya janga la Korona maelfu waliiacha kazi hii, na sababu kubwa wanayoitaja ni matusi ya wazazi na watazamaji. Mahali pengi michezo ya Ijumaa imebidi ihamishiwe Alhamisi au Jumamosi kwa kukosa watu wa kuichezesha. Mzigo wa refa asiye na mshahara ila posho ya siku upimwe. Linaloponya shingo libadilishwe mara moja, hata kama ni kila mwaka. Linalonyoosha haki lijaribiwe kwanza, kama zile sekunde 40 zilivyojaribiwa katika majimbo kadhaa kabla ya kukubaliwa. Lakini neno linalobadilishwa kwa kupendeza macho tu, na lingoje. Kila badiliko lisilo la lazima ni jiwe jingine katika mfuko wa mtu aliyekwisha choka.

Tena sheria ikibadilika wasiambiwe marefa peke yao. Waambiwe wazazi. Matusi mengi ya jukwaani hutoka kwa mtu ajuaye sheria ya ujana wake, naye aona refa ameiba, kumbe refa amefuata kitabu cha mwaka huu. Yafaa kila shule, kabla ya mchezo wa kwanza wa Agosti, iwakusanye wazazi jioni moja na kuwaeleza: haya ndiyo mapya, na hii ndiyo sababu yake. Na wale wazazi wageni wa nchi, ambao lugha ya Kiingereza bado yawapa taabu, waelezwe kwa lugha wanayoielewa. Mzazi aliyetoka Kigoma au Bukavu ana haki ya kujua mwanawe analindwa na sheria gani sawasawa na mzazi aliyezaliwa Ohio.

Hilo ndilo kubwa tunalotaka lishikwe. Haitoshi sheria iwe nzuri. Yapasa watungiwao wawe na kiti mezani, yapasa ijulikane kabla ya kutumika, na yapasa mwenye kuitumia aijue kuliko wote na awe chini yake kuliko wote. Sheria nzuri isiyojulikana ni mtego, na filimbi katika kinywa cha asiyesoma ni fimbo.

Januari itakuja tena, na kamati itaketi tena. Refa mwema na apeleke neno lake mapema, asome mapema, na siku ya siku atakapopuliza, apulize kwa ajili ya mtoto aliye chini ya helmeti. Huyo mtoto hakupiga kura Indianapolis. Shingo ni yake.