Kabla Ununue Viatu vya Karboni, Nunua Kamba za Lastiki

Leo sitazunguka mbuyu. Kama unafanya triathloni na bado unafunga kamba za viatu kwa fundo, unajiibia mwenyewe mchana peupe.

Kwa wenye hawajui huu mchezo: unaogelea, unapanda baiskeli, halafu unakimbia, na saa haisimami hata ukiwa unabadilisha viatu. Ile fupi ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mguu. Sekunde unazokaa chini ukihangaika na kiatu zinahesabiwa kama zingine zote.

Mimi nilijua hii maneno kwa machungu. Mwaka jana, mashindano madogo huko Pwani, nilishuka kwa baiskeli nikiwa namba tatu. Namba tatu, mimi, na baiskeli ya kuazima! Nikachuchumaa nivae viatu. Vidole vinatetemeka, jasho linatiririka, fundo la kwanza likakataa. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akafika, akatundika baiskeli, akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto, akaenda zake. Nilimkimbiza hadi nikaanza kumkaribia, halafu kilomita ya tatu kamba yangu ya kushoto ikafunguka. Nikasimama tena. Nikamaliza wa nne, sekunde 11 nyuma yake. Yeye akavishwa medali, mimi nikapewa ndizi. Kocha akaniangalia tu. "Kijana wangu, wewe hujashindwa na mtu. Umeshindwa na fundo."

Na usidhani sekunde ni shida ya sisi wadogo pekee. Olimpiki ya Paris 2024, Alex Yee wa Uingereza alimshinda Hayden Wilde wa New Zealand kwa sekunde 6. London 2012 ndio ilikuwa noma kabisa: Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Uswidi waliandikiwa muda ule ule, saa 1, dakika 59 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Spirig akabeba dhahabu.

Sasa, kuchagua. Aina mbili ndizo utakutana nazo sana. Ya kwanza ni kamba nyororo ya mviringo yenye kibano cha plastiki, kama kile cha kwenye kofia ya jaketi. Unapitisha, unavuta, unabana, unakata mkia. Ya pili ina vinundu vinundu, na kila kinundu kinakataa kurudi kwa tundu, kwa hivyo haihitaji kibano. Kuna pia zile zimejikunja kama waya wa simu ya mezani. Hizo waachie watoto wa chekechea.

Wengi watakuambia chukua ya kibano kwa sababu ni rahisi. Ni kweli, na kama bado unajaribu-jaribu saizi, anza nayo. Lakini mguu wangu ni mpana, na hapo ndio kibano kilinishinda. Kamba nyororo inateleza kwenye matundu, kwa hivyo ukikaza juu, vidole pia vinabanwa. Vinundu vinakuruhusu kuacha mbele pakiwa palegevu na kukaza karibu na kifundo, ndio kisigino kisicheze. Ubaya wake ni kuzipitisha. Ilinichukua karibu nusu saa na maneno ambayo mathe hafai kusikia.

Kosa kubwa ni kukaza. Watu wanazikaza wakiwa wamekaa kitandani, na mguu ukiwa hauna uzito ni mwembamba. Simama, weka uzito wako wote, ndio upime. Tena kumbuka kwa lile joto la Mombasa mguu unavimba kidogo kabla hata hujaanza kukimbia, kwa hivyo acha nafasi. Halafu tafuta mteremko ukimbie. Vidole vikigonga mbele, umelegeza sana. Juu ya mguu kukiingia ganzi, umekaza sana. Usifanye hii siku ya mashindano, tafadhali.

Na kama kiatu chako hakina kitanzi kwa nyuma, mpelekee fundi wa viatu wa mtaa akushonee. Bila hicho kitanzi, kisigino kinakunja kiatu na unarudi kulekule kuinama na kuhangaika.

Nani hahitaji? Mtu wa marathoni ya kawaida, kwa sababu yeye anavaa viatu mara moja, polepole, kabla mbio zianze. Na kwa ile triathloni ndefu, yenye kilomita 180 za baiskeli kisha 42 za mguu, sitabishana na wewe. Kaa chini, vaa soksi, funga fundo lako. Sekunde 20 hazitakuua.

Chenye kinaniudhi ni stori za mbogi yetu. Kila siku ni karboni, karboni, viatu ambavyo bei yake inalipa kodi ya bedsita na chenji inabaki. Dogo aliyetoka na raba zake za mtumba Gikomba anasikia hivyo, anaona huu mchezo si wake. Hakuna mtu anamwambia kuna kitu cha bei ndogo kitakachompa sekunde leo leo. Mimi mwenyewe nilianza na lastiki ya fundi wa nguo. Ile bapa ni bure kabisa, inajikunja, na ikishika jasho inalegea. Ile ya mviringo, nene, ilinisukuma miezi minne. Ukiwa huna doo, anza hapo.

Jumamosi narudi Pwani. Jana usiku nimevaa na kuvua viatu mara kumi nikiwa nimefumba macho, brathe akinicheka hapo kwa mlango. Wa kulia uko sawa. Wa kushoto bado unauma kwa tundu la juu, kwa hivyo narudisha kinundu kimoja nijaribu tena.