Wewe Kijani, Yeye Kijivu

Kuna wawili wanaelewana kwenye mahari, ada za shule, hata mambo ya mawifi, halafu wanakwama dukani na kadi mbili za rangi ya sebule. Zote ni kijivu inayoelekea kijani, zimefifia, karibu pacha. Mama anasema hii ni kijani. Baba anasema, kijani iko wapi hapo? Wanarudi nyumbani wamenuniana.

Jamani, hakuna anayebisha makusudi. Rangi iliyokolea kama nyekundu utaitambua hata taa ikibadilika. Hizi za kufifia zina rangi kidogo sana ndani yake, kwa hiyo mwanga ndio unaoamua. Anayeshinda nyumbani anaiona mchana, mwanga umepita kwenye majani ya mwembe dirishani: kijani tupu. Anayerudi saa mbili usiku anaiona chini ya ile taa ndefu nyeupe: kijivu baridi kama saruji. Ukiweka balbu ya njano nayo inakuja na yake.

Halafu sakafu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, alieleza katika kitabu chake cha 1839 kwamba rangi zikikaa jirani zinabadilishana sura machoni. Kijivu kando ya nyekundu huonekana ina ukijani. Sasa wewe mwenye sakafu nyekundu ya saruji, au masofa ya damu ya mzee, chukua ile yenye kijivu zaidi. Kijani utaongezewa bure.

Usizijaribu kwa kupaka viraka viwili ukutani, vinaharibiana. Tafuta vipande viwili vya ubao, vikubwa kiasi cha gazeti lililofunuliwa, paka kila kimoja mara mbili na uache vikauke mpaka kesho. Rangi mbichi inadanganya. Simamisha kimoja kimoja ukutani, karibu na sofa, asubuhi, alasiri na usiku. Na mtazame pamoja, siyo mmoja kumsimulia mwenzake kwa simu!

Bado mnavutana? Mimi ningechukua inayopendeza saa ile mnayokuwa wote nyumbani. Kwa wengi wenu ni usiku, kwa hiyo huenda kinachotakiwa kubadilishwa kwanza ni taa.